Skafu Isiyo na Ndani wala Nje: Mwongozo Kamili wa Kufuma Mbavu za Kosa

Sweta ina bahati: ndani yake hakuoni mtu. Skafu haina bahati hiyo. Ukiizungusha shingoni, ncha moja inageuka, nyingine inapinduliwa na upepo, na upande uliodhani umefichika ndio unaotazamwa. Ndiyo maana mfumo wa kawaida ulio laini usoni na wenye nundu tupu mgongoni haufai kwa skafu. Tena una kasoro kubwa zaidi: hujikunja pembeni mpaka skafu inakuwa bomba, na kuipiga pasi hakusaidii kwa muda mrefu. Vitanzi vyote vinapotazama upande mmoja, mvuto wake nao hulalia upande mmoja. Vikigawanywa nusu kwa nusu, mvuto wa huku unazuiwa na wa kule, na kitambaa kinalala tuli.

Mfumo tutakaoufuma hapa tunauita mbavu za kosa. Una mifereji mirefu iliyosimama, na kati ya ubavu na mfereji kuna safu ya vijinundu vinavyokipa kitambaa unene. Pande zote mbili ni zilezile. Mstari wa kuukariri ni mmoja tu, unaorudiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Vitanzi viwili vya msingi

Majina ya vitanzi hutofautiana kwa wafumaji. Hapa tutasema kitanzi cha uso (U) na kitanzi cha mgongo (M). Cha uso kinaonekana kama herufi V. Cha mgongo kinaonekana kama nundu ndogo iliyolala. Ukweli ni kwamba ni kitanzi kilekile kikitazamwa kutoka pande mbili: kila V ina nundu nyuma yake, na kila nundu ina V. Shika hilo vizuri, kwa sababu mwongozo mzima umesimama juu yake.

Kwa U: uzi uwe nyuma ya kazi. Ingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, pitisha uzi chini ya ncha ya sindano ya kulia, uuzungushe juu yake ushuke katikati ya sindano mbili, uuvute mbele kupitia kitanzi, kisha uangushe kitanzi cha zamani.

Kwa M: uzi uwe mbele ya kazi. Ingiza sindano ya kulia kutoka kulia kwenda kushoto, ikiwa mbele ya sindano ya kushoto. Pitisha uzi juu ya ncha, ushuke katikati ya sindano mbili na urudi mbele, sukuma kitanzi kipya kiende nyuma, angusha cha zamani.

Kama hivi viwili bado vinakusumbua, anzisha vitanzi 20 na ufume mistari kumi ya U tupu, kisha kumi ya M tupu, kabla ya kugusa uzi wa skafu yenyewe.

Vifaa

Uzi wa unene wa kati, ule ulioandikwa namba 4 kwenye lebo, ambao gramu 100 huwa na urefu wa mita 180 hadi 220 hivi. Skafu ya upana wa sentimita 18 na urefu wa sentimita 170 hula kati ya gramu 200 na 250. Nunua 250, na nunua zote siku moja ukilinganisha namba ya rangi kwenye lebo. Nyuzi zilizotiwa rangi katika awamu tofauti huonekana sawa mkononi, lakini zikifumwa zikapakana, mpaka unaonekana waziwazi.

Chagua uzi wa rangi moja, uliosokotwa vizuri, usio na manyoya marefu. Uzi wenye manyoya hufunika mifereji, na uzi wa rangi nyingi hulishughulisha jicho na rangi hata matuta yasionekane. Nyeusi na bluu nzito nazo humeza kivuli, na bila kivuli hakuna matuta. Kwa skafu ya kwanza, rangi iliyofifia au ya wastani itakusaidia pia kuona unachofanya.

Sufu ndiyo inayofaa zaidi kwa sababu hunyumbulika na kurudi, kwa hiyo mbavu hubaki zimesimama. Akriliki hufanya kazi nzuri, ni rahisi kufua, ila ikishalegea hairudi vizuri. Pamba tupu ni nzito na haina mnyumbuko. Skafu yake itarefuka na mifereji italala.

Sindano mbili za milimita 5, na ikiwezekana moja ya milimita 5.5 kwa ajili ya kuanzia na kufungia. Za mbao au mianzi hazitelezi sana, zinamfaa anayeanza. Za chuma zinamfaa mwenye kasi. Ongeza kulabu ndogo ya kufumia kwa ajili ya kuokoa vitanzi vilivyoponyoka, sindano butu yenye tundu kubwa, mkasi, utepe wa kupimia, na vipande viwili vya uzi wa rangi nyingine.

Hesabu ndiyo mfumo

Mstari wetu ni huu: 2U, 2M, 2U, 2M, na kuendelea. Ni mstari uleule wa mbavu za kawaida zinazowekwa kwenye mikono ya sweta. Kinachotofautisha kitambaa kimoja na kingine ni idadi ya vitanzi tu.

Chukua idadi inayogawanyika kwa nne, mathalani 20. Ukigeuza kazi, U zako mbili za kwanza zinaangukia juu ya V mbili, M zinaangukia juu ya nundu mbili, na unapata mbavu za kawaida: nene, zinazobana kama mpira.

Ongeza vitanzi viwili, viwe 22, ukimalizia mstari kwa 2U. Sasa kila U inaangukia juu ya nundu na kila M juu ya V. Mbavu zinatoweka kabisa na unapata kitambaa bapa cha punjepunje.

Ongeza kimoja tena, viwe 23, ukimalizia kwa 2U, 1M. Hapo mpangilio unasogea hatua moja tu kando. Katika kila vitanzi vinne, kimoja kinakaa V juu ya V (ubavu), kimoja nundu juu ya nundu (mfereji), na viwili vilivyobaki vinapishana V na nundu, ile safu ya vijinundu. Hizi ndizo mbavu za kosa. Jina linaeleweka: zinafanana na za mtu aliyetaka mbavu za kawaida akakosea kuhesabu.

Kanuni basi: zidisha nne, ongeza tatu. 31, 35, 39, 43, 47. Idadi inayozidi kwa moja, kama 21, nayo hutoa mbavu za kosa, lakini ukingo wake wa kwanza na wa mwisho huwa wa vijinundu na hauwi nadhifu. Ile ya ziada tatu huanza na ubavu na kuishia na mfereji kila upande, na hiyo itatusaidia kwenye kingo.

Sampuli, usiiruke

Anzisha vitanzi 31 kwa sindano ya milimita 5, fuma sentimita 12 za mbavu za kosa, funga, ioshe na uiache ikauke. Kisha ilaze bila kuivuta. Pima sentimita 10 katikati, mbali na kingo, na uhesabu vitanzi. Kuhesabu mbavu kunahitaji subira: safu ya mfereji hujificha ndani, kwa hiyo fungua kidogo kwa kidole uhesabu, bila kunyoosha kitambaa chini ya utepe. Kila ubavu unaosimama unawakilisha vitanzi vinne.

Tuseme umepata 22 kwa sentimita 10. Kwa upana wa sentimita 18 ni 18 × 2.2, yaani 39.6. Idadi iliyo karibu inayokubali kanuni ni 39. Ukipata 20 kwa sentimita 10, ni 36, basi chagua 35 kwa skafu nyembamba kidogo au 39 kwa pana. Tutaendelea na 39.

Sampuli hiyo pia inakuambia kama sindano inafaa. Ikiwa ngumu kama mkeka, panda hadi milimita 5.5. Ikiwa inaonyesha mwanga katikati ya vitanzi na mbavu hazisimami, shuka hadi 4.5. Watu wengi huipenda sampuli iliyokaza mkononi, halafu wanashangaa skafu haikai shingoni. Skafu lazima ining'inie, kwa hiyo legea kidogo kuliko unavyodhani.

Kuanzisha vitanzi

Tumia njia ya mkia mrefu, kwa sababu ukingo wake hunyumbuka. Pima mkia: sentimita 2 kwa kila kitanzi, ongeza 15 za kufichia. Kwa vitanzi 39 ni sentimita 93. Weka mita moja usijisumbue.

Funga kitanzi cha kuteleza mwisho wa mkia huo, ukivike kwenye sindano ya milimita 5.5 iliyoko mkono wa kulia. Mkia upite juu ya kidole gumba cha kushoto, uzi unaotoka kwenye donge upite juu ya kidole cha shahada, na ncha zote mbili zibanwe kiganjani kwa vidole vitatu vilivyobaki. Tanua gumba na shahada. Ingiza ncha ya sindano kutoka chini ndani ya kitanzi cha gumba, nenda juu ya uzi wa shahada uukamate, urudi nao ukipita tena ndani ya kitanzi cha gumba. Toa gumba, kaza taratibu. Hicho ni kitanzi cha pili, kwa kuwa kile cha kuteleza nacho kinahesabiwa.

Acha nafasi ya upana wa sindano hivi kati ya kitanzi na kitanzi. Ukingo mgumu hautokani na sindano ndogo peke yake. Hutokana na vitanzi kubanana pale chini. Ukimaliza, hesabu mara mbili. 38 au 40 zitakupa kitambaa kingine kabisa, na hutajua mpaka mstari wa tatu au wa nne.

Kufuma

Hamia kwenye sindano za milimita 5.

Mstari wa kwanza: *2U, 2M*, rudia kati ya nyota mpaka vibaki vitanzi vitatu, kisha 2U, 1M.

Mstari wa pili na yote inayofuata: kitanzi cha kwanza usikifume. Kihamishe tu kwenda sindano ya kulia, ukiingiza sindano kana kwamba unataka kufuma U, uzi ukiwa nyuma. Kisha 1U, 2M, halafu *2U, 2M* mpaka vibaki vitatu, 2U, 1M.

Kuhamisha kitanzi cha kwanza na kufuma cha mwisho kwa M huzaa ukingo wa mnyororo, V ndefu zilizopangana vizuri, kila moja ikibeba mistari miwili. Ukingo huo haujikunji, na ni rahisi kuuhesabu: V kumi za pembeni ni mistari 20. Baada ya kuhamisha, vuta uzi kidogo kwenye kitanzi cha pili. Kidogo tu. Ukivuta sana kila mstari, pembeni patakuwa pafupi kuliko katikati na skafu itapinda kama ndizi.

Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye upande uliotazama ulipokuwa unafuma mstari wa kwanza. Pande zinafanana kiasi kwamba bila alama hutajua uko mstari upi, jambo linaloleta shida ukitaka kuhesabu mistari au kubadili rangi.

Kusoma kitambaa badala ya kukumbuka

Baada ya mistari minne utaanza kuona safu, na tangu hapo huna haja ya kuhesabu kwa mdomo. Tazama vitanzi vinne vinavyofuata kwenye sindano ya kushoto, na uangalie kilichokaa chini ya kila kimoja. Utaona mpangilio huu daima, upande wowote: V, nundu, nundu, V.

Juu yake unafuma U, U, M, M. Yaani U ya kwanza iko juu ya V, U ya pili iko juu ya nundu, M ya kwanza iko juu ya nundu, M ya pili iko juu ya V.

Kwa hiyo ukiitwa mlangoni ukarudi hujui ulipoishia, angalia. Ikiwa kitanzi kinachofuata kina V chini na umetoka kufuma M mbili, unaanza jozi ya U; ikiwa umefuma M moja tu, fuma M ya pili. Ikiwa kina nundu na umetoka kufuma U moja, fuma U ya pili. Na ukiona V, V, nundu, nundu mbele yako unapoanza jozi ya U, simama hapohapo: hesabu imeharibika, umeanza kufuma mbavu za kawaida.

Uzi unaovuka

Kosa linaloharibu skafu nyingi za aina hii ni namna ya kuusogeza uzi. Kutoka U kwenda M, uzi lazima uje mbele. Kutoka M kwenda U, urudi nyuma. Kila mara upite katikati ya ncha mbili za sindano. Ukiupitisha juu ya sindano ya kulia badala ya katikati, unaacha uzi umelala juu ya sindano, na mstari unaofuata utaudhani ni kitanzi. 39 inakuwa 40, na 40 inagawanyika kwa nne. Ndiyo sababu kosa hili dogo halijifichi: kitambaa kizima kinabadilika juu ya pale ulipokosea.

Dalili ni mbili: tundu dogo kwenye kitambaa, na kitanzi kwenye sindano ambacho chini yake hakuna kitu, uzi umelala tu kimshazari. Ukikiona kabla hujakifuma, kiangushe. Uzi wa ziada utajigawa kwa vitanzi vya jirani ukiosha.

Kitanzi cha ziada hutokea pia pembeni. Ukigeuza kazi na uzi ukapitishwa juu ya sindano, unakivuta kitanzi cha kwanza kikaonyesha miguu yake miwili, na mtu anafuma viwili badala ya kimoja. Kabla ya kila mstari hakikisha uzi unaning'inia chini ya sindano.

Hesabu vitanzi kila mistari kumi katika sentimita 20 za kwanza. Baadaye macho yatakufanyia kazi hiyo.

Mengine yanayoharibika

U ya pili ya kila jozi imelegea kuliko ya kwanza. Hili ni la kawaida: uzi unaotoka U kwenda M husafiri mbali kidogo, na ziada hurudi kwenye kitanzi kilichotangulia. Dawa ni kukaza uzi baada ya kufuma M ya kwanza, si kabla yake. Hata hivyo, usihangaike nalo mno. Maji hulainisha sehemu kubwa.

Kitanzi kimeponyoka na kushuka mistari kadhaa. Usivute kitambaa. Tambua kwanza ni safu ipi. Ikiwa ni ya ubavu, ingiza kulabu kutoka mbele, kamata uzi uliolala juu ya kitanzi, uuvute ndani yake kuja mbele, panda ngazi moja moja. Ikiwa ni ya mfereji, geuza kazi. Upande wa pili safu hiyo ni ubavu, na unafanya vilevile. Ikiwa ni safu ya vijinundu, ngazi moja unavuta kutoka mbele, inayofuata unageuza na kuvuta kutoka nyuma. Jirani yake wa safu mbili kando, kushoto au kulia, ni wa aina hiyohiyo ila amepishana kwa mstari mmoja; mlinganishe kabla ya kuendelea.

U badala ya M mistari mitano chini. Kosa la kitanzi kimoja lirekebishwe kwa kukiangusha kwa makusudi mpaka pale na kukipandisha kwa kulabu kama hapo juu. Makosa mengi katika mstari mmoja hayafai njia hiyo, fumua.

Kufumua kunatisha kwa sababu vitanzi hupotea. Kila sentimita 20 pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine, kwa sindano butu, ndani ya vitanzi vyote 39 vikiwa bado kwenye sindano, kisha endelea kufuma. Ukilazimika kufumua, utaishia kwenye uzi huo na vitanzi vyote vitakuwa salama. Unapovirudisha kwenye sindano, mguu wa kulia wa kila kitanzi uwe mbele ya sindano. Ukiwa nyuma, kitanzi kitafumwa kimejisokota, na kwenye mbavu msokoto huo unaonekana.

Kuunga uzi pande zote zikionekana

Kwa kitambaa chenye mgongo, miunganiko huachwa mgongoni. Sisi hatuna mgongo, kwa hiyo usifunge fundo. Fundo litajitokeza huku au kule, na siku moja litafunguka.

Kwa sufu ya kawaida, isiyotiwa dawa ya kuzuia kusinyaa, fumua msokoto wa ncha mbili kwa urefu wa sentimita 6 hivi, zilaze moja juu ya nyingine zikielekeana, zilowanishe, uzisugue kwa nguvu kati ya viganja mpaka zishikane. Joto, unyevu na msuguano hufanya nyuzinyuzi za sufu zing'ang'aniane, na muunganiko hauonekani. Akriliki, pamba na sufu ya kufuliwa kwa mashine hazikubali njia hii.

Kwa hizo, anza uzi mpya mwanzoni mwa mstari na uache ncha mbili za sentimita 15. Ili usiishiwe katikati, jua kuwa mstari mmoja hula uzi wa takriban mara tatu hadi nne ya upana wa skafu. Uzi uliobaki ukiwa mfupi kuliko sentimita 75, usianze mstari.

Ukimaliza donge la kwanza la gramu 100, pima. Kama limetoa sentimita 70, skafu ya 170 itahitaji gramu 243. Hesabu hiyo ni ya kuaminika kuliko makadirio yoyote, na inakuja mapema kiasi cha kukuruhusu kununua donge jingine la awamu ileile ya rangi.

Ukitaka mistari ya rangi mbili, fahamu kwamba nundu ya rangi mpya hubeba chini yake nusu duara ya rangi ya zamani. Kwa kuwa kila mstari wetu una U na M, mpaka wa rangi utakuwa wa vidoti pande zote mbili. Wengine wanaupenda. Anayetaka mpaka ulionyooka kama rula achague mfumo mwingine.

Kufunga

Simama sentimita 2 au 3 kabla ya urefu unaoutaka, kwa sababu uzito wa skafu yenyewe utairefusha. Pima ikiwa imelazwa mezani. Ukiipima ikining'inia kwenye sindano utadanganyika.

Bakiza uzi wa mita moja. Chukua sindano ya milimita 5.5 mkono wa kulia, ufunge ukifuata mpangilio uleule: fuma U mbili, pitisha ya kwanza juu ya ya pili uiangushe, fuma M, pitisha iliyotangulia juu yake, M tena, kisha U, na kuendelea. Kabla ya kila M leta uzi mbele, kabla ya kila U urudishe nyuma. Ukifunga kwa U tupu, mwisho wa skafu utatanuka au kubana tofauti na mwanzo wake, na utapata mnyororo mnene unaoonekana upande mmoja. Kikibaki kitanzi kimoja, kata uzi ukiacha sentimita 15, upitishe ndani yake, kaza.

Ncha zifichwe kwa sindano butu, ukifuata safu ya vijinundu iliyo jirani na ubavu. Panda nayo sentimita 5 ukipita chini ya vijinundu, kisha rudi sentimita 2 au 3, safari hii ukichoma katikati ya msokoto wa uzi wenyewe. Kuchoma huko ndiko kunakozuia ncha isitoke. Nyoosha kitambaa kidogo kabla ya kukata kilichobaki, la sivyo ncha itachomoza mara ya kwanza kuvaliwa.

Matamvua ni hiari. Yakiwekwa, yaweke kwenye mbavu tu, moja kwa kila ubavu: kwa vitanzi 39 utapata 10 kila ncha. Kata nyuzi za sentimita 30, tatu tatu, zikunje katikati, uzivute kwa kulabu kupitia ukingo, upitishe ncha ndani ya kitanzi chake. Kumi kila ncha, nyuzi tatu kila moja, ni mita 18 jumla; zitenge mapema.

Maji

Loweka skafu kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi joto 30 zisizidi, yenye sabuni kidogo isiyo kali, kwa dakika 20. Usisugue. Suuza kwa maji ya joto lilelile, kwa sababu sufu hushtuka ikitoka kwenye moto kwenda baridi, na ikisuguliwa husinyaa bila kurudi. Inyanyue ikiwa imebebwa yote mikononi. Ukiivuta kwa ncha moja, uzito wa maji utairefusha. Izungushe kwenye taulo kavu, kanyaga juu ya taulo litoke maji, kisha ilaze bapa kivulini.

Hapo usiibane kwa pini kuitanua. Huo ni ushauri mzuri kwa vitambaa vya matundu, lakini mbavu zikinyooshwa zikakauka hivyo, mifereji yote inapotea. Fanya kinyume: sukuma kingo kuelekeana kwa viganja, mbavu zisimame, nyoosha urefu taratibu, uiache mpaka ikauke kabisa. Akriliki isiguswe na pasi wala mvuke wa karibu. Joto huiua, inabaki imelegea moja kwa moja.

Ukitaka mfumo mwingine wa pande mbili

Kwa skafu nyembamba ya mtoto, anzisha idadi inayogawanyika kwa tatu, mathalani 27, na ufume *2U, 1M* kila mstari. Kanuni ni ileile ya kusogea hatua moja: ubavu mmoja, safu moja ya vijinundu, mfereji mmoja. Ni rahisi zaidi kusoma, ila mifereji yake haina kina.

Kwa anayetaka miraba kama ya mkeka, chukua idadi inayogawanyika kwa kumi. Fuma *5U, 5M* mistari 6, kisha *5M, 5U* mistari 6, urudie. Kitanzi ni kifupi kuliko kilivyo kipana, kwa hiyo mistari mitano kwa vitanzi vitano haitoi mraba. Sita hukaribia, na mwenye mkono wa kukaza atahitaji saba. Kingo za miraba huhitaji vitanzi vitatu vya ziada kila upande vinavyofumwa U mistari yote, vinginevyo kila mraba unajikunja upande wake na pembeni panakuwa mawimbi.